Neno "Bury" na Mkono Nilioufuta

Manyatta, Kisumu
Alhamisi, saa kumi jioni

Felix mwanangu,

Sikuulizi hali kwa sababu nakusikia. Uko hapo nje na wenzako mnabishana kama sanduku limepita kilo zinazotakiwa, na wewe unacheka kile kicheko chako cha kupiga mapaja. Kesho alasiri ndege itakutoa hapa Kisumu hadi Nairobi, na usiku ikuvushe bahari. Nimewaambia naumwa kichwa nikafunga mlango. Siumwi. Naandika.

Mambo ya makoti na soksi, na kupiga simu ukifika, nimemwachia Mama Vero wa kanisani. Ameshakuandikia kurasa mbili, na ukimjibu ataongeza ya tatu. Mimi nina jambo moja tu, na nimelibeba tangu ukiwa na miaka tisa.

Ile barua ya kazi ilipokuja, ulinisomea ukiwa umesimama mlangoni mwa duka. Ulisoma cheo chako, muuguzi, ukasoma siku zako za likizo, ukafika kwenye jina la mji. Ukatamka "beri". Nikakuambia nionyeshe. Nikaona limeandikwa Bury, kama zika la Kiingereza, nikakaa kwenye benchi la wateja.

"Mama, ni jina tu la mji," ulisema ukicheka.

Nikacheka nawe, ukarudi kwenye simu yako. Lakini moyo wangu haukucheka. Neno hilo nimelichapa kwa zaidi ya miaka ishirini, mwanangu, na kuna siku moja lilinishinda.

Kazi yangu unaijua. Watu wakiona kibao chetu pale Kondele wanadhani tunaishi kwa fomu za shule na barua za maombi ya kazi. Wewe umekulia hapo chini ya meza, unajua kwamba wateja wangu wengi ni waliofiwa. Huja na karatasi iliyokunjwa mara nne na picha moja, na huongea polepole kama mtu aliyetoka kuamshwa. Nawachapia programu ya mazishi: picha ya jalada, saa ya mwili kutoka mochari, nyimbo, wasifu wa marehemu, orodha ya aliowaacha. Hata kama mazishi yote yatakuwa ya lugha ya Dholuo tupu, sentensi ya mwisho lazima iwe ya Kiingereza. Fulani atazikwa nyumbani kwake saa nane mchana. Na mimi mwanzoni nilikuwa naliandika neno hilo kwa r mbili, "burried", na hakuna aliyesema kitu mpaka alipokuja Mwalimu Dorcas kuchukua programu za mama yake.

Alikuwa amestaafu, mwembamba, miwani imefungwa kwa kamba shingoni. Akasoma ukurasa wa kwanza, wa pili, akafika mwisho. Akavirudisha vijitabu vyote mezani.

"Wewe, nani alikufundisha kuandika?"

"Samahani Mwalimu. Nimeandika linavyosikika."

"Linasikika beri. Kama ungeandika linavyosikika, ungeandika b-e. Hizo r mbili umetoa nyumbani kwenu?"

Nikachapa upya. Yeye akakaa kwenye benchi akisubiri, na kwa sababu alikuwa mwalimu na alikuwa na majonzi, alianza kufundisha. Akaniambia kwamba zamani Waingereza wa upande mmoja wa nchi yao waliliandika neno hilo kwa namna yao, na wa upande mwingine walilitamka kwa namna yao. Mwishowe wakachukua maandishi ya hawa na sauti ya wale. "Ndiyo maana linakuandikia hivi na kukuambia vile," alisema. Wiki iliyofuata, mama yake akiwa ameshazikwa, alirudi na ile kamusi kubwa isiyo na jalada uliyokuwa ukiikalia ukila uji. Akaiweka mezani.

"Soma. Siku yangu ikifika, usiniaibishe."

Nikaisoma kweli. Nilijifunza kwamba "inter", neno wanalolipenda wenye magari makubwa, ni la Kilatini na maana yake ni kutia ndani ya ardhi, basi. Lakini "bury" ni la Waingereza wenyewe, na mizizi yake haikuwa udongo. Ukoo wake ni wa kulinda, kusitiri, kuweka kitu pasipofikiwa na adui. Ndugu yake ni neno lao la zamani la ngome. Kwa hiyo mji wako haukupewa jina kwa sababu ya makaburi. Palikuwa na ngome. Jioni ile ya barua yako niliitafuta habari hiyo mpaka nikaipata, ndipo nikaweza kula.

Kisha kamusi inataja kazi nyingine za neno hilo. Kuficha. Kusahau kwa kukusudia. Kuuzamisha uso katika viganja. Kujizamisha kazini usisikie kitu. Hata mchezaji akiupigilia mpira wavuni wanalitumia. Kiswahili chetu kina neno kwa kila moja: maiti huzikwa, shimo hufukiwa, siri hufichwa, aibu husitiriwa. Kiingereza kimezitia zote chungu kimoja. Niliona ni uvivu wa lugha. Sasa sioni hivyo, maana nilikuja kuzifanya zote kwa mchana mmoja, nikiwa nimekaa kwenye kiti kilekile.

Nianze na Pamela.

Nilipotoka kwetu Vihiga kuja kutafuta kazi hapa, sikuwa na mtu. Chumba nilichopata hapa Manyatta kilipakana na cha Pamela, ukuta wetu ni bati moja. Akipiga chafya namwambia pona. Yeye ndiye aliyenifundisha mji huu. Aliniona nikikitupa kichwa cha samaki akapiga kelele: "Wewe Mluhya, unatupa samaki unabaki na nyama? Kichwa ndio samaki!" Nilipopata malaria, alinibeba mgongoni mpaka barabarani, mimi mtu mzima, watu wakitutazama. Alikuwa akisema mbele ya kila mtu, "Huyu na mimi ni wa kufa na kuzikana." Watu husema hivyo kila siku. Mimi niliamini kama maandishi.

Kupitia kwake nikampata mdogo wake, Owuor, fundi wa friji. Baba yako alikuwa mtu wa kunyamaza na mikono yenye baridi. Ulipozaliwa alikuita Ochieng', jina la babu yake, mimi nikaongeza Felix. Mambo ya kwenda kwetu na kunioa kwa desturi alisema kila mwaka ni Desemba. Nami sikumkumbusha hata mara moja. Nilijiona msomi, nikasema ng'ombe ni mambo ya wazee. Hilo lilikuwa kosa langu, na sikulazimishwa na mtu. Niliyaona yale mambo kama urembo wa ndoa, kumbe ndiyo yaliyokuwa yakimpa mtu sauti siku ya matanga.

Ulipokuwa na miaka minne akapata kazi Mombasa, kutunza mitambo ya barafu ya samaki. Mwanzo alikuja mara mbili kwa mwaka. Kisha mara moja. Kisha simu. Kisha simu ikawa haipokelewi, na mimi nikawa nalia kwa Pamela.

"Wifi, Mombasa kuna joto," aliniambia. "Simu za huko zinaharibika sana."

Nikaamini, Felix. Mimi ninayeshinda na mashine mchana kutwa niliamini kwamba joto la Mombasa linaua simu.

Ilikuwa Jumanne, karibu saa saba. Wewe ulikuwa shuleni. Pamela aliingia dukani amefunga kitambaa cheusi kichwani, ameshika bahasha ya kaki. Nikajua ni mama yao, maana alikuwa mgonjwa wa presha muda mrefu. Nikainuka kumkumbatia.

"Kaa," akasema.

"Ni mama?"

"Kaa kwanza, wifi." Akaweka bahasha mezani. "Ni Owuor. Figo. Wiki mbili sasa. Mwili umefika jana, tunazika Jumamosi."

Sikulia. Mtu hajui atakavyokuwa mpaka siku yenyewe. Niliuliza, "Wiki mbili, na hukunipigia?"

"Mambo ilikuwa mengi."

"Na hii ni nini?"

"Programu. Watu wa Mombasa walitaka ichapwe huko. Nikasema hapana, sisi tuko na mtu wetu."

Nikaifungua bahasha. Ndani kulikuwa na karatasi mbili kwa mwandiko wake, ule mwandiko wa kulala upande niliouzoea kwenye orodha za sokoni, na picha. Nilisoma. Nilisoma alipozaliwa, shule aliyosoma, kazi aliyofanya. Halafu nikafika kwenye aliowaacha. Mama mzazi. Kaka mmoja. Dada mmoja. Mke mpendwa, mwenye jina ambalo sikulijua, waliyefunga naye ndoa kanisani Mombasa miaka miwili iliyopita. Watoto wawili.

"Pamela, wewe ulikuwa kwenye hiyo harusi?"

Akatazama mlango. "Nilienda siku moja tu, nikarudi."

Siku hiyo moja naikumbuka. Aliniambia anaenda kwa daktari wa macho Nairobi. Nilimbebea mkoba mpaka stendi.

Picha niliitambua kabla sijaigusa. Tulipigwa ufukweni Dunga, Krismasi yako ya kwanza. Baba yako ameketi, wewe uko magotini pake, mimi nimesimama nyuma na mkono wangu uko begani pake. Nakala moja nilimpa Pamela, akaiweka kwenye kioo chake. Sasa ilikuwa imekatwa kwa makasi. Mimi sikuwepo. Wewe hukuwepo, isipokuwa utosi wako uliobaki chini kidogo, kama yai. Na begani pa baba yako vilikuwepo vidole vinne visivyo na mwenyewe, kucha zimepakwa rangi nyekundu.

Pamela akaviwekea kidole chake. "Kompyuta inaweza kutoa huo mkono? Mke wake ataona."

Nikamtazama. Nadhani nilimtazama muda mrefu, kwa sababu alianza kulia, na alipolia nikamwona tena yule aliyenibeba mgongoni. Akaja upande wangu wa meza akapiga magoti. Dukani, kwenye simenti.

"Wifi, tumzike kwanza. Mama ana presha. Ukitokea huko na mtoto, kutakuwa na fujo, na yeye atamfuata mwanawe. Wacha tumzike. Matanga ikiisha nitaita wazee, nitasimama mimi mwenyewe niseme: huyu ndiye alikuwa wa kwanza, na huyu Ochieng' ni damu yetu. Nakuapia kwa huyo amelala."

Nikamwambia ainuke. Nikawasha mashine.

Kufuta mkono kwenye picha si kazi ngumu. Unachota rangi ya shati pale pembeni, unaipaka juu ya kidole, unachota tena. Kidole kimoja kimoja. Cha mwisho kilinisumbua kwa sababu kilikuwa kimegusa ukosi wa shati, mstari ukawa unapinda, nilikirudia mara nyingi mpaka ukanyooka, na namkumbuka Pamela nyuma yangu akisema, "Hapo sasa imekaa vizuri." Wewe sikukufuta. Niliisogeza tu picha chini kidogo, utosi wako ukatoka nje ya fremu. Ndivyo nilivyokutoa kwa baba yako, kwa kusogeza.

Kisha nikachapa maneno. Pamela naye alikuwa ameandika "burried", kwa r mbili. Nikamsahihishia.

Nikatoa nakala mia mbili, nikazikunja, nikazibana pini. Alipoondoka aliniambia, "Mungu atakulipa." Nikauzamisha uso wangu viganjani, mteja akaja, nikauondoa.

Jumamosi nilifungua duka kama kawaida. Saa nane mchana nilikuwa namchapia mtu fomu ya leseni. Jioni ulikuja ukaniuliza kama baba atakuja Krismasi, kwa sababu umepata nafasi ya tatu darasani na alikuahidi mpira. Ningeweza kukuambia pale. Nilikuwa na maneno yote, nilikuwa nimeyachapa wiki hiyohiyo. Nikasema, "Akipata likizo."

Nilijiambia nakulinda. Nilikuwa nimesoma kwenye kamusi ya Mwalimu Dorcas kwamba kuzika ni kusitiri, na nikaikumbatia maana hiyo kama blanketi. Mtoto ni mdogo, nikasema. Wacha Pamela azungumze na wazee, nimpeleke mtoto siku atakayopokelewa, ajue kifo na kupokelewa kwa siku moja. Ilinipendeza hivyo. Ilikuwa mipango mizuri iliyowekwa juu ya neno la mtu mmoja.

Mwezi ukapita. Pamela alikuwa amehama Manyatta, amerudi kwao Seme kumtunza mama. Nikipiga simu anasema wazee hawajakutana. Mwezi wa pili simu haikupokelewa. Wa tatu nikakuvalisha lile shati la bluu lenye mifuko miwili, nikakuambia tunaenda kumsalimia shangazi Pamela. Tulishuka Kombewa tukachukua pikipiki.

Wewe siku hiyo unaikumbuka kwa mapera. Umewahi kunisimulia mara mbili au tatu: nyumba yenye uzio wa miti ya ojuok, watoto waliokupa mapera mabichi, mbwa mwenye mguu mmoja mweupe. Sasa nikusimulie iliyokuwa ndani.

Mama yao alikuwa amelala. Aliyetupokea ni Zablon, kaka mkubwa, na Pamela alikuwa amekaa karibu na kabati, hakuinuka. Nikasalimia. Nikasema nimekuja kwa jambo ambalo Pamela analijua. Zablon akamtazama dada yake, dada akatazama miguu yake.

"Jambo gani, mama?" Zablon akaniuliza kwa upole. Alikuwa na upole wa mtu aliyejiandaa.

Nikasema. Nilisema nimeishi na Owuor, tangu mwaka gani, wapi. Nilisema aliyeko nje ni mwanawe, ana jina la babu yao, anahitaji kujulikana mahali baba yake amelala, na akikua apajue kwao. Sikuomba kitu kingine. Zablon alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akafungua kabati, akatoa kile kijitabu.

"Hii ni kazi yako?"

"Ndiyo."

"Tusomee hapa." Akaweka kidole kwenye aliowaacha.

Nikasoma, Felix. Nilisimama katikati ya chumba kile nikasoma kwa sauti orodha isiyo na mimi wala wewe. Nilipomaliza, Zablon akasema, "Mke wa mtu anaweza kuandika hivi kwa mkono wake?"

Nikamgeukia Pamela. "Sema," nikamwambia. "Wewe si uliapa? Sema ulichoniambia."

Pamela akainua uso. Nilidhani anainuka kunishika mkono. Akasema, si kwangu, kwa kaka yake: "Kwenye ile picha alikuwa ameshika Owuor begani. Alijitoa mwenyewe. Mimi nilikuwa nimesimama hapo, hakukataa."

Ndivyo alivyosema. Kitu pekee ambacho hakuna mwingine duniani aliyekijua, kitu nilichokifanya kwa ajili yake, akakitoa akakiweka mezani kuwa ushahidi wangu dhidi yangu. Nimejiuliza miaka mingi kwa nini programu ile hakuipeleka duka lingine. Kisumu imejaa maduka. Siku ile nilijua. Alitaka mkono wangu uwemo.

Nilitoka nje kukutafuta. Ulikuwa umekaa na watoto wawili juu ya tuta refu la udongo mwekundu kando ya nyumba, mnatupa maganda ya mapera mkishindana nani anafika mbali. Msalaba wa mbao ulikuwa nyuma yako, shati lako la bluu limeuegemea. Nilitaka kupiga kelele ushuke. Nilitaka pia ukae hapo mpaka giza liingie. Nikasema, "Twende." Ukaruka chini, ukajipangusa makalio, ukakimbia mbele yangu.

Hilo hulijui. Kwamba baba yako alizikwa ulikuja kulijua ukiwa na miaka kumi na miwili, kutoka kwa mtoto wa Zablon, kwenye mashindano ya riadha ya shule. Ulirudi ukaniuliza tangu lini, nikakuambia, ukahesabu miaka kwa vidole ukaingia kulala bila kula. Siku nne hukuniita mama. Ya tano uliomba kalamu. Hatujazungumza tena habari hiyo. Watu hunisifu kwa mtoto mpole. Mimi najua upole wako mwingine nimeutengeneza mwenyewe, kwa mtindo uleule nilionyooshea ule ukosi wa shati.

Lakini hukujua kuhusu picha, wala tuta. Hukujua kwamba waliotuacha nje walikuta mlango nimeshaufunga mwenyewe. Nimesalitiwa, sikatai, na moto wake haujazimika. Lakini wewe ulisalitiwa na wawili, na mmoja wao alikuwa akikupikia.

Usidhani baada ya hapo nilipata hekima. Mwaka uliofuata alikuja bwana mmoja na orodha ya aliowaacha marehemu baba yake, na mimi nilijua kuna binti ambaye hakutajwa, kwa sababu binti huyo alikuwa jirani yetu. Nikamwongeza. Kimyakimya, jina la mwisho. Nilijiona nimelipia dhambi yangu. Kumbe binti mwenyewe hakutaka. Alikuwa ameomba asitajwe, ana sababu zake. Alikuja dukani akanizaba kofi mbele ya wateja. "Nani alikutuma?" aliniuliza. Tangu hapo mteja akileta orodha, namuuliza swali moja tu, "Kuna mtu ameachwa nje ya orodha?" Wengine hukasirika huondoka. Wengine huomba kalamu. Sijui kama ni mengi, lakini ndiyo niliyoweza kujifunza.

Pamela yuko hai. Tulikutana sokoni Jubilee mwaka jana, kwenye mboga. Amezeeka kuliko mimi. Tulisalimiana kwa mikono miwili kama watu wa kanisa. Juzi alipiga simu. Amesikia unasafiri. "Mwambie mtoto wetu Mungu amtangulie," akasema. Wetu! Nilikata simu, nikazima mashine. Najua anavyotakiwa kusema mama anapomuaga mwanawe, kwamba nimesamehe na wewe samehe. Sijasamehe. Nikisema nimesamehe nitakuwa nimefukia tu, na wewe huko uendako utakuja kujikwaa hapohapo.

Nitakalokuomba ni dogo. Utakuwa unawaosha wazee wa watu, utawasikia wakisema mambo mwisho wa siku zao, na wengine watakuambia siri wakidhani wewe mgeni ni shimo tu. Ukiona unataka kumficha mtu jambo kwa ajili ya kumlinda, jiulize kwanza ni nani anayelala vizuri. Mimi miaka ile mitatu nililala vizuri, mwanangu. Wewe ndiye uliyekuwa ukiamka kuuliza Krismasi ni lini.

Barua hii nitakupa leo wakitoka wenzako. Usiiweke uisome kwenye ndege. Nimeandika mapema kwa makusudi, ili uwe na muda wa kunikasirikia tukiwa nyumba moja.

Ndege ni saa tisa alasiri. Seme na uwanja wa ndege ni barabara moja, nimemwomba jirani mwenye gari awe tayari kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Mama yao alishafariki, Zablon hana nguvu tena ya kumfukuza mtu, na hata akiwa nayo, wewe sasa ni mtu mzima unayekwenda kwa baba yako na hakuna karatasi ya kukuzuia. Kaburi sasa lina simenti na vigae vyeupe. Nimelipita mara moja nikiwa kwenye gari la watu, sikushuka. Kesho ukishuka nitashuka. Ukitaka uende peke yako, nitakungoja barabarani. Ukitaka tusiende kabisa, tutakunywa chai hapa mpaka saa ifike, na ukitaka tuinywe bila kusemezana nitakunywa hivyo.

Ila usiniambie "ni sawa, Mama" kama si sawa. Maneno mazuri nimewachapia watu ya kutosha. Kutoka kwako nataka lile la kweli, hata kama ni moja, hata kama linauma.

Mama yako,
Beatrice